Ndoto ya Ramathan

Arua, 9 Juni 1974

Dada Hawah,

Karanga ulizonitumia kutoka huko Dranya zimefika, tamu kweli.

Unajua kila Jumatatu makarani wangu hapa kwenye ghala la tumbaku hunisimulia ndoto zao. Kwenye kozi ya umeneja tulifundishwa kwamba mfanyakazi humwona bosi kama baba yake, na ndoto hufichua anachomtakia. Jumatatu hii zamu ya mumeo Ramathan ilipofika, alisema, "Shemeji, mimi naota nazika wewe, na watu iko nacheka."

Wote walicheka. Mimi niliandikia kambi ya jeshi kwamba anataka kuniua. Walimchukua Jumatano.

Njoo uchukue koti lake, kiti chake hapa ofisini kimepata mtu.

Watoto niletee. Sasa baba yao ni mimi, na kila asubuhi watanisimulia ndoto zao.

Kaka yako,
Taban