Vigingi Nilivyong'oa Bondeni

Iringa, Jumatano jioni, mwezi wa Julai

Tangu asubuhi upepo haujatulia, na vidole vimekufa ganzi hata kalamu inaniponyoka. Kabuti la marehemu baba, ambalo kwetu Mombasa lilikuwa la kuning'inia ukutani tu, huku nalala nalo.

Nina wasiwasi. Acha niseme wazi.

Nimeletwa Tanganyika kuchora mawe. Mtaalamu wetu, Mzungu aliyenichukua kutoka nyumbani, anasema mawe haya tunayoyachimba bondeni yalichongwa na watu wa kale mno, na kazi yangu ni kuchora kila moja kabla halijafungwa sandukuni. Kuchora naweza. Nisichokiweza ni macho ya watu. Jumamosi sokoni, mama mmoja muuza viazi alimvuta mwanawe nyuma yake aliponiona. Bi Zuhura, mjane aliyenipangisha chumba, ndiye aliyenieleza bila kunificha: wanasema sisi ni mumiani, na mashimo yetu ni ya kufukia watu tuliowanyonya damu.

Alicheka alipokuwa akisema. Mimi sikucheka.

Juzi mtaalamu alikwenda Mbeya kutafuta springi ya gari, akaniachia kazi. Kabla ya kuondoka alipiga vigingi bondeni na kuvifunga kamba, kuonyesha handaki jipya litakapopita. Akaniambia nifuate kamba, basi.

Leo nilipofika, vibarua wote wamekaa, majembe yamelala chini. Mzee Kalinga, nyapara wao, akanionyesha kwa kidevu mama mmoja aliyeketi kando ya kamba, amejitanda kaniki. Nilimwamkia. Akaitikia, akaniuliza kwa upole kamba hii inaishia wapi. Nikamwonyesha.

"Mwanangu yuko hapo," akasema. "Alikuwa bado ananyonya. Tulimzika mwaka ule wa njaa. Mimi sikatazi kazi yenu, baba. Nataka kujua tu, mtamweka wapi."

"Ni wapi hasa, mama?"

Alinyoosha mkono, kisha akaushusha. Mvua zimekula kingo za korongo, na mti waliouwekea alama haupo tena. Huenda ni hapa, huenda ni pale.

Nilitamani aniombe tuache. Angeomba, ningemwambia amri si yangu, nikajificha nyuma ya mtaalamu. Lakini hakuomba kitu. Aliuliza tu. Niliwaza masanduku yaliyopangwa hemani, kila jiwe na namba yake ya wino kwa mkono wangu mimi. Niliwaza pia jinsi kazi hii nilivyoipata kwa taabu, na mama yangu anayenitegemea mimi peke yangu.

Nikapiga magoti, nikashika kigingi cha kwanza. Ardhi ilikuwa ngumu, kikatoka na ngozi ya kiganja changu.

Nilipofika cha tatu, Mzee Kalinga aliinuka, akaanza kuizungushia kamba kwenye kiwiko chake. Kisha wengine wakaokota majembe. Tukahamia ng'ambo ya korongo, penye miamba, ambapo hakuna ambaye angeweza kuzika mtu.

"Bwana akirudi je?" aliniuliza Mzee Kalinga tukiwa tunapiga vigingi upya.

"Nitasema ni mimi."

"Atakufukuza."

"Huenda."

Yule mama alikaa mpaka jembe la kwanza liliposhuka ng'ambo, akaondoka bila kuaga. Kutwa nzima tumepata vipande viwili vitatu, tena vya ovyo. Labda mawe mazuri yote yako kule tulikotoka. Labda na mtoto hayuko kabisa pale, maji yalishamchukua zamani. Sijui.

Lori likipita barabarani, nasimamisha kalamu. Kesho mtaalamu anarudi.

Ningeweza kumwambia vibarua waligoma. Ingekuwa nusu ya kweli, na ingeniokoa. Lakini wao wana watoto na wataishi hapa baada yetu, na mkono ulioanza kung'oa ni huu. Nitamweleza jinsi ilivyokuwa, ninyamaze, nimsikie. Akisema nirudi Mombasa, nitapanda basi.

Akisema vigingi virudi pale, atafute mkono mwingine.