Karatasi ambayo Joris hakuileta

Mushaki, Alhamisi.

Ukungu umekaa juu ya malisho tangu asubuhi. Ng'ombe wanasikika tu, hawaonekani. Upande wa Sake milio ya silaha ilinyamaza jana, na wengine leo wamerudi kulima. Ningepaswa kutulia na mimi. Situlii.

Nimeanza somo la hesabu, nikasahau nilikuwa nimefika wapi, watoto wakacheka. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Acha niandike, labda kichwa kitapoa.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: ninasimamia nyumba ya watoto waliokimbia vita. Wengi walifika hapa wakifuata migongo ya watu wasiowajua. Mtoto mwenye mama, akiumizwa, ana pa kwenda kulia. Hawa wana sisi. Ndiyo maana hakuna anayekaa na watoto wetu bila kuleta casier, ile karatasi ya serikali inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Mpishi alileta. Mlinzi alileta. Mimi yangu niliifuata Goma, na karani akaniuliza ninasafiri nchi gani, maana kwake huiomba wanaokwenda Ulaya tu.

Kisha akaja Joris. Mzungu wa makamo, mpole, ametumwa na kikundi kidogo cha kwao aje kujitolea. Nilimkaribisha, nikamwomba karatasi yake. Akasema iko njiani. Nikamwambia, sawa, tukiwa tunaisubiri utatusaidia kazi za nje.

Alitengeneza paa lililokuwa linavuja juu ya vitanda. Akachimba mfereji wa maji ya mvua. Nilimpenda, siwezi kukana. Hakulalamikia baridi wala chakula, na alishika majina ya watoto wote upesi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona.

Wakati ule hilo la majina lilinifurahisha.

Wiki zikapita. Karatasi mara imechelewa, mara mtu wa ofisi yuko likizo, mara ni vita vimeizuia. Siku moja akaniomba awachukue wadogo, yeye peke yake, wakatembee mpaka kwenye malisho. Nikasema hapana, mpaka karatasi ifike. Akatabasamu. Kesho yake akaomba tena, na safari hii alikuwa ameshawaambia watoto. Walikuwa wamevaa viatu tayari, wote wananitazama mimi.

Nikakataa tena, ndipo nikawaandikia waliomtuma. Walijibu kwa adabu na kwa ufupi: hawakumwomba karatasi hiyo, kwa sababu alikuwa anakuja kusaidia tu.

Kusaidia tu.

Nililipeleka jambo kwenye kamati. Mkuu wa kamati ni Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa barabarani. Alipandisha sauti mbele ya watu.

«Huyu muntu ameacha amani kwao, anakuja kulala mu baridi pamoja na sisi, na wewe unamuuliza kama iko mwizi? Unatupatisha haya, dada!»

«Papa, hata mupishi alileta.»

«Mupishi iko wa hapa!»

Jibu lilinijia nikiwa njiani kurudi: mpishi tunamjua tangu akiwa mtoto, na bado tulimwomba. Joris hatumjui hata kidogo.

Nikamwambia Joris waziwazi kwamba bila karatasi hataendelea. Hakugomba. Hakuuliza hata nimpe muda. Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki akaenda. Watoto walilia, na mmoja wao, Neema, ambaye huwa hanyamazi, hajanisemesha mpaka leo.

Niliwauliza watoto mmoja mmoja, polepole, bila kuwatisha. Hakuna aliyemsema vibaya. Hilo nalo lazima niliandike.

Leo asubuhi dereva wa pikipiki aliyempeleka amerudi. Alimwacha Pinga, kwenye nyumba ya watoto ya Riziki. Riziki nilisoma naye ualimu. Nilipanda kilima nyuma ya kanisa kutafuta rezo ya simu, nikampigia, nikamuuliza kama Joris yuko kwake na kama alileta karatasi.

«Ndiyo, iko hapa!» akasema kwa furaha. «Mungu ametukumbuka. Tuko bamama wawili tu na batoto wengi. Muntu analeta mikono yake, mimi nimufukuze sababu ya karatasi?»

Sikumwambia amfukuze. Sina ushahidi wa kumwita mtu mbaya. Nilimwomba asimwache peke yake na mtoto, ampe kazi ya paa au ya shamba, mbele ya macho ya watu. Kisha nikamuuliza, «Na analala wapi?»

Furaha ikamtoka Riziki sautini.

«Nilimupa chumba ya pembeni ya batoto,» akasema. «Ni yeye ndiye aliomba.»

Nilimwomba amhamishe leo hii, nikabaki kule juu nikisubiri. Mchana ujumbe ukaingia. Riziki alimwambia ahamie kwa jirani mpaka karatasi ifike. Joris akafunga mfuko wake, akamshukuru, akatafuta pikipiki nyingine. Amesema anashuka Walikale.

Walikale sina mtu. Papa Kambale ana mdogo wake, ana duka kule.

Nilishuka moja kwa moja mpaka dukani kwake. Hakunisalimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, na yeye anaendelea kupima mchele, mpaka nilipofika kwenye kile chumba.

«Aliomba yeye mwenyewe?»

«Yeye mwenyewe, Papa.»

Aliweka kopo chini. Akakaa juu ya gunia la chumvi, akapangusa uso kwa kiganja. Papa Kambale ana wajukuu, nao hushinda kwetu wakicheza. Hakuniomba radhi, wala mimi sikuja kwa hiyo. Alichukua simu, akatoka nje barabarani, na kabla ya kupiga akageuka.

«Jina yake yote ni nani?»

Mdogo wake amekubali. Kesho asubuhi atakwenda kwenye kila nyumba inayolea watoto pale, aseme wamwombe karatasi kabla ya kumfungulia mlango. Kwa tope la sasa, Joris atakuwa bado njiani.

Kama ni mtu mwema, basi nimemchafulia jina huku kote, na nitamtafuta nimwombe msamaha mbele ya watu. Ninaandika hivi nikijua inaweza kuwa hivyo.

Sijui ni mtu gani niliyemfukuza hapa. Ila sitaki mtoto wa Walikale awe ndiye atakayenijulisha.