Ukweli Kuhusu Mguu wa Gasto

Mwankoko,
Singida.
Jumapili, 15 Desemba 2024.

Mpendwa Shangazi Eliza,

Shikamoo Shangazi. Mnaendeleaje hapo Mpanda? Naulizia kwanza hali yako na ile presha, maana dada Agripina aliniambia ulishinda kitandani siku mbili. Natumaini dawa unameza bila kuruka. Mgongo wa Mjomba Paskali je, umempa nafuu? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, watu wanapanda alizeti, na Baba bado anabishana na fimbo yake, leo anaitaka, kesho anaitupa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali nikakwepa. Peniel wa hapa kwetu anasafiri kuja huko, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali kaa chini ndipo uendelee kusoma. Mwanao Gasto yuko hai na anakula vizuri. Lakini alipokwambia kwamba aliteleza akateguka, alikuwa ananisitiri. Mguu ule niliuumiza mimi.

Unakumbuka nilikueleza habari za mashine ya CNC, ile inayochonga chuma kwa kufuata hesabu za kompyuta. Miaka kumi na moja nimekereza vyuma vya watu kwa mkono. Kila msimu wenye mashine za kukamua alizeti wananiletea gia zilizolika, kisha wanakaa wakisubiri vipuri vya Dar es Salaam huku mbegu zimelala kwenye magunia. Mimi na Gasto tukasema tutavitengeneza hapa hapa nyumbani. Tulitoa gari bandani, tukamwaga zege nene, tukavuta umeme wa njia tatu. Baba hakupenda. Alisema kitu kizito kuliko watu wa nyumba nzima hakiingizwi kwenye nyumba.

Mashine ilifika Alhamisi ya tarehe 14 Novemba. Lori lenye winchi liliishusha mbele ya mlango wa banda likaondoka. Kilo elfu moja na mia tatu, Shangazi. Fundi Emilian, mwenye vifaa vya kuhamisha mitambo, alikuwa ameahidi kuja Jumamosi. Kilichobaki ni kufunika na kusubiri siku mbili.

Alasiri wingu likajikusanya upande wa Mtinko, jeusi kabisa. Nikafikiria maji yakiingia kwenye nyaya za ile mashine, nikashindwa kutulia. Nikamwita jirani yetu Chediel na shemeji yake, nikatafuta magogo ya mkaratusi ya kuiviringishia. Gasto aliyatazama yale magogo, akayagonga kwa nyundo.

“Dada, hili moja limepasuka ndani. Tumsubiri Emilian.”

“Mvua haimsubiri Emilian,” nikamjibu.

“Basi tuongeze turubai.”

Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilisema mbele ya wale wanaume, “Kama unaogopa, kaa pembeni na wanawake.” Mimi, mwanamke, nilisema hivyo. Gasto alivaa glovu zake akaenda kushika upande mgumu kuliko yote, ule wa karibu na nguzo ya mlango.

Ilisogea vizuri mpaka kizingitini. Pale gogo likapasuka kwa mlio kama wa risasi, mashine ikainama, ikatulia. Nilidhani tumepona. Kisha nikasikia Gasto akisema taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, “Ritha, iko juu ya mguu wangu.”

Nilichanganyikiwa. Tukaingiza mitaimbo tukainua kwa pupa. Ikapanda kidogo, mtaimbo wa Chediel ukateleza, ikarudi chini. Safari hii Gasto alipiga kelele.

“Acheni! Mtu asiguse!”

Alikuwa Baba, yuko mlangoni mwa nyumba bila fimbo. Alikuja akiburuza ile nyonga yake mbovu, akapiga goti kwenye zege, akachungulia chini ya mashine. Akaagiza jeki ya gari na vipande vyote vya mbao vilivyobaki kwenye ujenzi. “Inua upana wa kidole, halafu jaza mbao. Pasipojazwa, msiinue tena.”

Basi tukafanya hivyo. Chediel anazungusha jeki, mimi nimelala kifudifudi nasukuma mbao kwenye ufa, mkono wangu ukipita mahali ambapo mguu wa Gasto ulikuwa. Inua, jaza. Inua, jaza. Mvua ikaanza kutupiga na hakuna aliyeikumbuka ile mashine. Baba alikishika kichwa cha Gasto akawa anazungumza naye Kigogo, mambo ya ng’ombe wa zamani Manyoni, bila kunyamaza hata mara moja. Mwanao alikuwa amebana glovu kwa meno. Ilichukua zaidi ya nusu saa, nami kila dakika niliomba mguu ule uwe wangu.

Ulipotoka tulimkimbiza hospitali, nao wakatujibu kesho yake asubuhi. Mifupa miwili ya unyayo wa kushoto ilivunjika, na hiyo itaunga. Kidole gumba hakikuweza kuokolewa. Walikikata, Shangazi. Nimeliandika neno hili mara tatu na kulifuta, sasa naliacha.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba anasugua damu kizingitini kwa maji na brashi. Nikataka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Hajanigombeza mpaka leo. Heri angenigombeza.

Siku tisa Gasto hakusema nami. Mkewe Hana alikuwa anapokea uji mlangoni, ananirudishia chupa. Siku ya kumi akaniita. Nikaenda nimejiandaa kutukanwa. Alikuwa na kitabu cha maelekezo ya mashine juu ya mapaja, amekikunja kurasa.

“Nitarudi kazini,” akasema. “Lakini nikisema tusubiri, tunasubiri. Na lile neno lako usilirudie kwa mtu yeyote.”

Nikakubali. Nililia pale pale, naye akaniacha nilie bila kunibembeleza.

Emilian aliiingiza mashine mahali pake kwa muda usiofika saa moja, bila hata kutoka jasho. Niliumia sana kuona jinsi ilivyokuwa rahisi. Tukaisawazisha kwa pima maji, tukaikaza kwa bolti, na Jumatano iliyopita tukaiwasha. Gasto alikaa kwenye stuli, mguu wenye plasta juu ya ndoo, akisoma namba kwenye kioo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuanzia.

“Subiri,” akasema. “Namba hiyo ni urefu wa kisu cha kwanza cha kuchongea. Hiki ni kirefu zaidi.”

Nilitoa mkono kabla hajamaliza. Alisema kweli. Kisu kingeshuka mpaka kwenye meza ya mashine na kuvunjikia usoni kwetu. Tukarekebisha, tukaanza upya, na gia ya kwanza ikatoka. Baba aliipima, akasema “Sawa,” akaenda zake. Sikufurahi nilivyodhani ningefurahi.

Shangazi, ulinilea miaka minne kama mwanao, nami mwanao nikamfanyia hivi. Gharama za matibabu nimezibeba, ila najua hazifuti kitu. Plasta itatolewa baada ya Krismasi, na tarehe 30 mimi na Gasto tutapanda treni Manyoni kuja kwako. Anachechemea, usishtuke mbele yake. Baba alitaka kumtuma mzee wa kanisa atangulie kuniombea msamaha, nimekataa. Nitasimama mlangoni kwako mwenyewe, mpaka uniambie niingie au nirudi.

Wasalimie sana Mjomba Paskali, Agripina na wanawe. Baba na Hana wanakuamkia. Mungu akulindie moyo unaposoma haya, na akupe usingizi.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Ritha