Skafu Iliyobaki Mfukoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali jina langu lisitoke gazetini, maana mji wetu huu wa mkoa wa Friesland, hapa Uholanzi, ni mdogo na kila mtu anaijua baiskeli ya mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, mwanamume wa makamo, na nina mwanafunzi anaitwa Hiske, msichana wa miaka kumi na tano anayependa wasichana na wala hafichi, na kabla ya ile Ijumaa ya Desemba ambayo watu huvaa zambarau shuleni kuwaunga mkono watoto kama yeye, alinijia mezani akaniuliza, "Mwalimu, na wewe utavaa? Nisije nikawa kichekesho peke yangu," nikamwambia nitavaa, tena kwa kujigamba, na kweli mke wangu akaninunulia skafu, lakini asubuhi ile kwenye kibanda cha baiskeli niliwakuta akina baba wawili ninaosali nao wameleta watoto wao, nikaivua haraka nikaisokomeza mfukoni, nikajiambia nitaivaa darasani, na darasani sikuivaa.

Wakati wa mapumziko nilikuwa na zamu uwanjani. Wavulana watatu waliichukua baiskeli ya Hiske, aliyoifunga riboni za zambarau, wakaitupa mferejini huku wakimwita majina nisiyoweza kuyaandika, na yeye analia, anavutana nao ukingoni, nusura aanguke kwenye maji ya baridi, na mmoja wao ni Sybren, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa damu, akageuka kunitazama aone nitasema nini, na mimi, mshauri, nilitabasamu. Sijui kwa nini. Labda ni woga. Kisha nikamwendea Hiske nikamwambia, "Na wewe nawe, ungekaa kawaida tu kama wenzako, haya yangetoka wapi?" Aliniangalia shingoni, pale ambapo skafu ingekuwa.

Tangu siku hiyo hajarudi shuleni. Mama yake amepeleka malalamiko, na Jumatano kamati ya shule itanihoji, kwa kuwa ni mimi tu mtu mzima niliyekuwepo, na mkuu wa shule ameniita ofisini, akanimiminia kahawa, akasema, "Ule ni utoto tu, tusiukuze. Sema kulikuwa na ukungu, hukuona vizuri." Nakiri ningekubali, lakini Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya dada yangu, tumekaa duara sebuleni kila mtu na kisahani cha keki mapajani, wakaanza kumtania Sybren kwamba atafukuzwa shule, naye akajibu, "Nifukuzwe kwa lipi? Si mjomba alikuwepo? Hata yeye alicheka." Watu wote wakaangua kicheko. Nikaweka kisahani chini, nikaenda kujifungia chooni.

Nikisema kweli, dada yangu hatanisamehe, na kazini nitaonekana msaliti, na nikinyamaza najua yule mtoto harudi tena. Najionea aibu hata kunyoa ndevu mbele ya kioo. Nifanyeje?

Mwenye Aibu

*

Mwenye Aibu,

Loo! Mwalimu mzima! Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili mkono umeniwasha kukuzaba kibao. Aibu hiyo ni yako halali, sikuondolei. Lakini umeandika mpaka lile tabasamu, wakati hakuna aliyekulazimisha, kwa hiyo bado una moyo. Nakuonea huruma kwa hilo, basi.

Sasa nisikilize. Usiniletee habari za ukungu. Sheria ya nchi hii inaitaka shule imlinde kila mwanafunzi, na msichana anayependa wasichana yumo humo kwenye "kila". Mkuu wako anajua hivyo vizuri kabisa, ndiyo maana amekumiminia kahawa. Akikutisha, nenda kwa chama chako cha walimu, na wakaguzi wa elimu nao wana masikio.

Na mpwa wako hajakusingizia, ndugu yangu. Katika duara lile lote, na keki zenu mapajani, aliyesema kweli ni yeye peke yake. Alikutazama akuulize kama inaruhusiwa, ukamjibu kwa meno. Huyo naye anakudai maelezo. Nenda kwa dada yako kesho, asisikie haya kwa majirani. Atakufokea. Mwache afoke, hutakufa.

Kisha mpigie simu mama yake Hiske, uombe kwenda kwao, na wakikukatalia, usilazimishe. Ukipokelewa, omba radhi kwa yale maneno ya "ungekaa kawaida". Usiwaeleze ulivyoogopa, hawakuuliza. Muulize Hiske anahitaji nini ndipo arudi darasani, umwache ajibu mwenyewe.

Jumatano iambie kamati habari za baiskeli, za mfereji, na yale majina uliyoshindwa kuniandikia mimi, neno kwa neno. Mkuu alivyokuelekeza, sema. Tabasamu lako, sema. Hilo ndilo utakalotaka kuliruka, na ndilo wanalolihitaji.

Na skafu uiache nyumbani siku hiyo. Hiske alipoihitaji ilikuwa mfukoni kwako. Sasa anamhitaji mtu mzima mmoja tu, aketi mbele ya wenzake aseme: niliona, na sikumsaidia.

Shangazi Baukje