Makopo Mawili ya Ujana

Jumatatu, 6 Januari

Nimekata kipande cha gazeti leo. Si mtindo wa gauni — tangazo. Wanatafutwa mapacha wa kufanana, waliovuka miaka sitini na mitano, kwa jaribio la dawa ya kupunguza uzee.

Kupunguza uzee! Kana kwamba ni suruali, unampelekea fundi anaibana kiunoni. Mimi ndiye fundi. Nimeshona sare za shule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, najua kinachopunguzika na kisichopunguzika.

Lakini nimelikata, na nimelibandika ukutani juu ya cherehani.

Ukweli ni kwamba sikuvutwa na neno uzee. Nilivutwa na neno mapacha. Mara ya mwisho kuonana na Mdogo ilikuwa mazishi ya mume wake. Namwita Mdogo, yeye ananiita Dada. Nilimtangulia kuzaliwa kwa robo saa tu, na heshima ya hiyo robo saa amenipa maisha yetu yote. Anakaa mji mwingine, mbali. Sikukuu tunapigiana simu. Hujambo Dada, mwili unasemaje? Mwili upo. Basi, tumemaliza. Hatujagombana. Afadhali tungegombana, ningekuwa na cha kumpigia.

Leo sijazungumza na mtu. Sindano ilipovunjika niliiambia cherehani pole. Sijui kama hiyo inahesabika.


Jumatano, 8 Januari

Nimepiga moyo konde, nimempigia. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, Dada, tumekula chumvi yote hii, leo ndiyo unataka kuitapika?

Kisha akauliza, nije lini?

Nije lini! Nimefua mashuka ya kitanda cha pili.


Alhamisi, 16 Januari

Tumekubaliwa. Korido ndefu, viti vya plastiki, mapacha kila upande — unadhani macho yako yana kasoro. Wazee wawili wenye kipara kimoja. Tumekaa tukicheka chini chini kama wasichana wa shule, nesi akatukata jicho.

Daktari ni kijana, amevaa soksi za njano zenye vitone. Nimempa jina papo hapo: Soksi. Anaongea kwa shauku. Akatuambia binadamu hajaanza leo. Wafalme walikunywa zebaki wakidhani watabaki vijana, wakafa mapema kuliko watumwa wao. Watu walivuka bahari kutafuta kisima cha ujana. Wengine walipandikizwa tezi za wanyama. Sasa, anasema, tunashughulika na chembe zenyewe za mwili, zile zinazozeeka na kugoma kufa. Mdogo akamwuliza, na zile zinazogoma kufanya kazi? Hata nesi alicheka.

Masharti ni haya. Katika kila jozi mmoja anapewa dawa, mwenzake anapewa vidonge vya unga mtupu. Nani kapata nini, Soksi mwenyewe hajui. Tunakuja pamoja kila baada ya wiki mbili, kutolewa damu na kupimwa. Mmoja akiacha, wote wawili wametoka. Wakichanganya vidonge, wote wawili wametoka. Tumepewa makopo meupe, yanafanana kama sisi, yana namba chini. Langu moja, la Mdogo mbili. Hata hapa wamejua nani mkubwa.


Ijumaa, 17 Januari

Amelala hapa. Mdogo anakoroma siku hizi! Nililala nikiusikiliza huo mkoromo, na sijalala vizuri hivyo tangu sijui lini.

Asubuhi makopo yalikuwa mezani, alikuwa ameyatoa mkobani akitafuta kitana. Nikampangia mkoba wake kama zamani: kanga, kitana, dawa ya macho, kopo. Marehemu mama alikuwa na sheria moja, kulia ni kwangu, kushoto ni kwa Mdogo. Vikombe, viatu, hata kitandani. Alisema bila hivyo angetulisha mmoja mara mbili. Nikachukua la kushoto nikamtilia. Akasema, bado unanifungia mkoba, Dada? Nikamwambia, nani mwingine atakufungia.

Basi limeondoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.


Alhamisi, 30 Januari

Alifika jana jioni. Kopo ameliacha kwake, amekuja na kidonge chake cha leo kimefungwa kwenye pembe ya leso kama sarafu ya mtoto. Tumemeza pamoja, tukagonga glasi za maji. Hakuna kilichotokea. Magoti yangu yalinisalimia vilevile kwenye ngazi.


Alhamisi, 27 Februari

Mdogo amepanda ngazi bila kushika ukuta.

Nilikuwa nyuma yake. Nimeona.


Jumapili, 16 Machi

Hakuna mteja, mvua. Nimewaza hadithi ya bibi yetu. Alisema zamani watu walikuwa wanajivua ngozi kama nyoka. Ukizeeka unakwenda mtoni, unaivua, unarudi msichana. Mpaka bibi mmoja alipojivua, akarudi nyumbani anang'aa, mjukuu wake akamkimbia. Akalia, huyu si bibi yangu, namtaka bibi yangu! Yule bibi akarudi mtoni, akaiokota ngozi kuukuu kwenye matete, akaivaa. Tangu siku hiyo tukaanza kufa.

Tukiwa wadogo Mdogo alimwonea huruma mtoto. Mimi niliona yule mtoto ni mjinga, si angezoea tu.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimemshonea Mdogo gauni, la kijani. Nimempima kwa futi ile ile ya siku zote. Mgongo umenyooka, pindo limepanda juu ya kifundo cha mguu. Nikapima tena. Fundi hudanganywa na macho, futi haina undugu na mtu. Ikabidi nilifumue nilishushe.

Anatembea mbele yangu sasa. Halafu anakumbuka, anasimama kunisubiri. Huko kusubiriwa kunaniuma kuliko magoti.

Tukapitia kwa muuza mikate wangu wa kila siku. Mtu mzuri, hana nia mbaya. Akasema, oh mama, leo umeletwa na binti yako!

Mdogo alicheka. Kisha akaniona uso, akasema haraka, sisi ni mapacha, huyu ni Dada yangu. Muuza mikate naye akadhani ni mzaha, akacheka zaidi, akatuongezea mkate mmoja.

Nimerudi nimejitazama kwenye kioo cha wateja, kile kirefu. Sina ubaya wowote. Mimi ni mzee wa umri wangu, basi. Ila tangu nizaliwe nilikuwa na kioo kingine kinachotembea, nikitaka kujua nikoje namtazama yeye. Sasa nikimtazama sijioni.

Wivu upo, sikatai. Nami nataka magoti.


Alhamisi, 24 Aprili

Ameniambia kwenye korido, tukisubiri sindano. Nadhani alichagua korido ili nisilie.

Mwanawe aliye ng'ambo amepata mtoto. Anamtaka mama yake akakae nao, moja kwa moja. Mwaka jana alikataa, angekuwa mzigo. Sasa ana nguvu. Akanionyesha mikono yake, akaifumba na kuifumbua. Jaribio likiisha tu, Dada, naondoka.

Nikasema, vizuri sana. Nikasema, mjukuu ni baraka. Nikasema na mengine, yote ya busara.

Akasema atanipigia kila wiki. Sikukuu na zisizo sikukuu.

Nesi akaniambia nikunjue ngumi, mshipa haupatikani.

Soksi yuko juu ya mawingu. Hasemi, lakini anamtazama Mdogo kama mtu aliyekiona kile kisima. Mimi ananitazama kwa adabu. Ametukumbusha safari ijayo tuje na makopo yetu. Atakagua namba, atatujazia vidonge vya awamu ya mwisho.

Nyumbani nimekaa kwenye cherehani bila uzi. Nimekanyaga tu pedali. Nilitaka kusikia kitu kinazunguka.


Jumatano, 7 Mei

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Mdogo amefika mchana na kopo lake. Akaenda kuoga. Mimi na tabia yangu, sipeleki kitu kichafu kwa daktari, nikachukua kitambaa niyafute yote mawili. Nikalifuta langu. Nikaligeuza.

Namba mbili.

Nikavaa miwani. Mbili. Nikageuza la Mdogo. Moja.

Nikakaa chini. Bafuni maji yanamwagika, yeye anaimba.

Nimemwuliza alipotoka, kwa mzaha, kana kwamba naulizia mambo ya kale: hivi wewe bado unalala kushoto? Akacheka. Kushoto! Dada, miaka arobaini ya ndoa nimelala kulia, mume wangu hakujua sheria za mama. Mimi kila kitu changu ni kulia siku hizi. Hata kikombe.

Hata kopo. Asubuhi ile aliliweka lake kulia. Na mimi, Dada mkubwa, mwenye robo saa yangu, nikamfungia mkoba kwa sheria ya marehemu. Hakuangalia namba kwa sababu nimempa mimi. Sikuangalia namba kwa sababu mama alishasema.

Kwa hiyo ujana ule ni wangu. Nasema hivi na naona aibu, lakini ndivyo ulivyopangwa: namba moja. Ngazi zile, mgongo ule, pindo lile la gauni.

Nikimwambia Soksi, tumetoka wote. Kesho hiyo hiyo. Mdogo hapati tena dawa, mimi sipati tena Jumatano ya kumpokea.

Nikinyamaza na kesho nikampa kila mtu kopo lenye namba yake, hakuna atakayejua. Soksi atakagua, atajaza. Dawa itanijia mimi. Na Mdogo atameza unga. Atachoka kidogo kidogo. Siku moja atashika ukuta kwenye ngazi. Atampigia mwanawe aseme, mwanangu, nimebadili mawazo. Atabaki.

Atabaki! Nimeliandika neno hilo na moyo umeruka kwa furaha. Furaha ya kweli, sijidanganyi. Nimejiogopa.

Na nikimwambia yeye? Namjua. Atasukuma kopo upande wangu kabla sijamaliza sentensi. Dada, ni lako, meza. Ataniachia, kama alivyoniachia doli, na kitanda cha dirishani. Kisha atakaa kitako azeeke kwa adabu. Hilo nalo siwezi.

Analala sasa. Hakoromi tena. Nimesimama mlangoni kusikiliza, kimya kabisa.


Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi. Miadi ni saa tatu, teksi iko njiani.

Sijalala. Makopo yote mawili yamo kwenye mfuko wa aproni yangu, nimeyatia jana na sijayatoa. Nimepika chai yakiwa humo humo. Yanagongana nikitembea.

Mdogo amevaa lile la kijani. Limemkaa — sijawahi kushona gauni likakaa vile. Amepaka na wanja. Anasema leo baada ya daktari twende tukapige picha, sisi wawili, aende nayo kwa mjukuu. Amwonyeshe bibi mkubwa.

Nimemwambia ngoja kidogo, naandika. Akauliza naandika nini kila siku. Mahesabu ya nguo, nikasema.

Ameona viatu vyangu havijafungwa. Nilijaribu, sikuvifikia leo. Amepiga magoti hapo sakafuni, pu, mara moja, kama binti, na gauni jipya. Mguu wangu mmoja uko pajani pake hivi ninavyoandika. Anafunga taratibu asinibane. Utosi wake uko hapa chini ya daftari. Kwenye mashina nywele zinaota nyeusi. Nimeushika. Nilikuwa sijaushika tangu tukiwa watoto.

Ananiuliza kama mkono wangu unatetemeka kwa baridi.

Nimesema ndiyo.

Teksi inapiga honi. Amemaliza kiatu cha pili, ananyanyuka bila kushika kitu. Amenyoosha mkono, kiganja wazi, anatabasamu.

Anasema, haya Dada, nipe langu twende —