Fomu za Macho ya Buhemba

Jumatatu, 3 Machi

Mlio ule haujanitoka. Ulimi ukibanduka kwenye jicho la mtu. Mdogo, wa majimaji, kama mtoto akiachia titi.

Nilikuwa Buhemba tangu asubuhi, nikimalizia fomu za wachimbaji. Kwa utafiti wetu tunapiga picha za jicho kwa MRI: lenzi, misuli, neva, vitu laini ambavyo eksirei haivionyeshi. Wanne wameshapigwa Mwanza. Ijumaa wanakwenda saba. Mmoja wao, Wambura, akatoka shimoni ameshika jicho la kushoto. Mama Bhoke, muuza uji, akaweka sufuria chini, akamgeuza kope, akalilamba jicho lenyewe. Akatema. Watu wakacheka. Nilitapika nyuma ya choo.

Jumanne, 4 Machi

Sijala. Kinachonichefua si ulimi tena. Ndani ya mate yale kulikuwa na kitu kinachong'aa. Chuma. Patasi zao humeguka zikigongwa. Na MRI ni sumaku kubwa. Kipande kikibaki jichoni kinaweza kusogea na kulichana kwa ndani. Ndiyo maana fomu inauliza: umewahi kuingiwa na chuma jichoni? Wote kumi na mmoja walijibu hapana. Nikaweka tiki kumi na moja, mbiombio, kila safari nikiwahi gari.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi Buhemba. Nimemuuliza Wambura upya.

"Dada, si kilishatolewaga? Kikilambwa kimeisha. Sasa niseme ninacho ili iweje?"

Akaongeza kwamba siku nikiingiwa mimi, Mama Bhoke atanilamba bure, msomi wa watu. Wakacheka tena.

Kwao kilicholambwa ni kama hakikuingia. Ningeuliza vizuri ningejua. Wanne walilala ndani ya mashine ile kwa tiki zangu. Wametoka wazima. Bahati, siyo akili yangu. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisini, Musoma. Nimemwomba bosi wangu, Daktari Magesa, asimamishe safari ya kesho. Kila mmoja apigwe eksirei ya macho kwanza. Alikuwa anakula sato.

"Binti, wewe ni mtafiti au nesi wa kijiji? Wamejibu wenyewe, wamesaini. Picha zinasubiriwa."

Nilikuwa nimefuta tiki ya Wambura. Akachukua kalamu bila kunawa, akairudisha. Mafuta ya samaki juu ya jina la mtu. Kisha akachokoa mwiba menoni na kunitakia siku njema.

Uchafu. Wake na wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kumepoa. Nimefua, nimeanika.

Jana nilitangulia Bunda, njiani kwenda Mwanza. Basi lao lilipofika nikawashusha wote saba. Niliwaeleza kila kitu, hata kosa langu. Walinuna. Mmoja alisema nimemharibia safari. Wakakubali eksirei lakini, palepale hospitali ya Bunda. Sita hawana kitu. Kwenye jicho la kushoto la Wambura, doa jeupe, dogo kama punje ya ulezi.

Hakutania. Aliuliza tu kama wale wanne wa mwanzo wameambiwa. Nikawapigia simu mbele yake, mmoja mmoja. Yeye anaonwa na daktari wa macho Jumatatu.

Leo saa nne nimepeleka fomu zote kwa mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti, hapa Mwisenge, Musoma, pamoja na barua ya kueleza makosa. Nimeanza na jina langu, halafu la bosi. Mjumbe ameisoma akiwa amesimama mlangoni, akanisainia nakala.