Mzee Ifan Mlangoni pa Klabu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kutoka huku Wales nikiwa na afya na sauti ya kuimba, ingawa vidole vinaganda. Je, goti lako linakuruhusu kufika kanisani Kabati bila kushikwa mkono? Na zile ndengu, mvua iliziwahi?

Mimi nimetulia. Kutunza wazee ni kuinua na kuosha. Mgongo unalalamika lakini moyo haulalamiki. Leo nataka kukupa habari za Mzee Ifan, yule niliyekuambia kwa simu kwamba hanywi chai ya mtu mwingine ila yangu.

Kumbe alikuwa mchezaji mkubwa wa raga. Hapa raga ni kama kanisa la pili. Lakini ziko raga mbili, mama. Ya hapa ni ya watu kumi na tano, na zamani ilikuwa mwiko kulipwa hata senti. Kaskazini mwa Uingereza wanacheza ya watu kumi na tatu, na huko walilipa. Ifan alikuwa ameshavaa jezi nyekundu ya taifa, watu wakimbeba mabegani, wakati baba yake alipoharibika kifua kwa vumbi la makaa ya mawe, akashindwa kufanya kazi. Basi akaja mtu wa kaskazini na mkataba, Ifan akatia sahihi. Huko alicheza miaka mingi, akashinda vikombe, na baba akatunzwa vizuri mpaka mwisho.

Lakini ukivuka hivyo, klabu ya nyumbani hukanyagi tena, hata kutazama tu. Aliporudi kumzika baba, alipita klabuni kusalimia wenzake. Aliyesimama mlangoni kumzuia ni Dai, katibu wa klabu, ndugu yake wa tumbo moja. Sheria hiyo ilishafutwa, lakini Ifan hakuwahi kuingia.

Juzi wakamwalika kwa chakula cha wachezaji wa zamani. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini, na kila siku anaongea juu ya huo uwanja. Akasema, "Wanaonialika ni vijana. Si wao walionifukuza."

Mama, hapo nilimwelewa. Nikamweleza kwamba kwetu Ukambani, kiumo, laana ya mzazi, hakiondolewi na jirani. Aliyeitamka ndiye hutema mate ya baraka. Akacheka mpaka akakohoa, akasema Dai mate anayo ya kutosha. Halafu akaniambia nimpeleke, lakini mwisho wetu ni mlangoni.

Jumamosi tukaenda. Vijana wa klabu wakatoka na maneno mazuri, msimamizi wangu wa kazi, aliyekuja nasi, akataka nisukume kiti chake cha magurudumu ndani haraka kwa sababu ya baridi. Nikafunga breki. Nikamwomba mmoja wao akamwite Dai, aliyekuwa mezani tayari, nami nikaanza kuomba kimoyomoyo. Kama hangetoka, tungegeuza, na mtu wa umri ule hajaribu mara mbili.

Dai akatoka polepole na mkongojo. Wakaangaliana.

"Umenenepa," Dai akasema.

"Na wewe umefupika."

Nikafikiri yameishia hapo. Kisha Dai akashika mlango, akausukuma mpaka mwisho. "Ingia, Ifan. Ni mimi nasema."

Sikujua nifute machozi ya nani kwanza. Ndani wakaketi bega kwa bega, wakibishana juu ya mpira ambao hakuna mwingine anayeukumbuka. Mikono ya Ifan haina nguvu siku hizi, kwa hivyo nikachukua kisu nimkatie nyama. Dai akaninyang'anya. Akamkatia yeye mwenyewe, vipande vidogo vidogo.

Msimamizi amenikaripia kwa ile baridi, na ana haki. Mzee ana mafua. Lakini anapiga chafya huku anaimba.

Nisalimie dada Ndinda anayekusomea hii, kaka Musyoka wa dukani kule mjini Wote, na shangazi Kalekye, mwambie shuka lake ndilo linanifunika. Mchungaji naye aendelee kunitaja katika maombi.

Ni mimi binti yako,
Mwikali

Mama, tafadhali nijibu upesi.